Kiburi Chao Kilininunulia Kitanda

Wale wa amina, amina. Wale wa salamu alaikum, tumeshasalimiana mlangoni. Wenye watoto wadogo, waacheni wakacheze kule nyuma, maana ninayosema leo hapa chamani si ya masikio yao.

Nililetwa London miaka ya tisini ikielekea mwisho, kutoka Tanga. Aliyenileta alikuja nyumbani na kanga na sukari, akamwambia mama, "Dada, huyu ni mwanangu, nitamsomesha." Mama akanigeukia: "Umesikia? Kuanzia leo huyu ni mama yako mdogo. Mheshimu." Undugu hatukuwa nao hata wa kuazima. Lakini kwetu mnakujua, neno la mama halirudishwi.

Tulipofika Croydon, kusini mwa London, mama mdogo akachukua pasipoti yangu, eti anaitunza. Shule sikuiona. Nilipika, nilifua, nililea wanawe, nikalala sakafuni karibu na mashine ya kufulia. Nikiunguza wali, kofi. Nikichelewa kuamka, teke. Mara moja nilisahau pasi juu ya shati la mumewe. Mama mdogo akaichukua pasi ile ile akanibandika mkononi, hapa. Mnaonitania kwamba sivai mikono mifupi hata kiangazi, basi leo mmejua.

Mumewe alikuwa na gari lenye namba maalumu, zile za kununua, herufi na tarakimu zimepangwa zisomeke jina la mwenyewe. Jina sitalitaja, ingawa lilikuwa limeandikwa mbele na nyuma kwa kila mpita njia. Kila asubuhi nilivisugua vibao vile vya namba kwa maji baridi mpaka ving'ae, vidole vimepasuka. Gari lilikuwa na jina. Mimi niliitwa "wewe".

Siku moja jirani alisikia mayowe akaita polisi. Wakaniuliza, huyu mama ni nani kwako? Ndugu zangu, nawaambia, mlango ulikuwa wazi kabisa! Na mimi, damu bado iko puani, nikajibu, "Anti yangu." Haikuwa hofu peke yake. Niliona aibu kumvunjia heshima mama mdogo mbele ya wageni. Polisi wakaona ni mambo ya familia, wakaondoka. Mlango ulipofungwa alinikamata nywele, akanigongesha kichwa kwenye jiko, tena na tena. Sikio hili la kushoto halijapona. Ukinisemesha upande huu nisijibu, usinune.

Asubuhi ya mwisho mumewe aliona tope kwenye kibao. Akanipiga kwa ndoo usoni, meno yakaangukia kwenye maji ya sabuni. Nikakimbia peku mpaka kwenye basi lililokuwa kituoni. Dereva, mama wa Kijamaika, hakuniuliza nauli. Alifunga milango akaita polisi. Walipofika wakaniuliza, unakaa wapi? Mtaa sikuujua. Nikawatajia namba za gari, kwa mdomo uliojaa damu, na zikatufikisha nyumbani kwao.

Mama mdogo akafungua mlango mikono ameitanua. "Jamani mwanangu, nani kakufanya hivi? Waambie mimi ni nani kwako!"

Askari naye akaniuliza swali lile lile. Nikasema, "Si ndugu yangu. Ananipiga. Hanilipi. Pasipoti yangu anayo." Halafu nikalia kwa sauti, sijui kwa uchungu au kwa furaha.

Nikapelekwa kwenye nyumba ya wanawake waliotoroka utumwa kama wangu. Nikapewa kitanda, kitanda hasa! Kisha nikasikia pesa za nyumba hiyo zilikotoka: mfanyabiashara wa Kingsbury, kaskazini mwa London, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, anauza namba maalumu za magari, na katika kila anayouza anatenga fungu kwa ajili ya nyumba ile. Nililiburuta godoro mpaka nje ya chumba. Nikasema silalii pesa ya vibao, nikalala sakafuni.

Mzee yule alikuja mwenyewe na kachori, akaketi kwenye ngazi. "Mwanangu," akaanza.

"Usiniite mwanangu!"

"Haya, bibiye. Watu hawa wataka majina yao yang'ae barabarani, nao watanunua, kwangu au kwa mwengine. Mimi nakata kipande cha kiburi chao nakileta hapa. Ukitaka kulala chini, lala. Lakini chini ndiko walikokulaza wao."

Nilimkasirikia kutwa nzima. Jioni nikalirudisha godoro.

Basi namshukuru dereva yule popote alipo. Namshukuru mzee wa vibao. Nawashukuru nyinyi wa chama mlionitafutia kazi ya kutunza wazee bila kunichimba. Neno langu ni moja. Heshima ni nzuri, lakini undugu haununuliwi kwa kanga na sukari. Mkikuta binti ndani ya nyumba ya mtu, msimuulize mbele ya mwenye nyumba huyu ni nani kwako. Mtoeni nje. Muulizeni pasipoti yake iko wapi.

Siku hizi Jumamosi napika kule kwenye nyumba ya wanawake. Juzi kaletwa binti, mdomo umevimba. Akaniuliza, "Nikuite nani? Mama? Anti?"

Nikamwambia, "Niite Mwanaidi. Na wewe, jina lako nani?"

Alinitazama sana kabla ya kulitamka. Nikalirudia vizuri, nikaenda kumtandikia kitanda.