Jenereta Iliyo Nyuma ya Ukuta

Kijiwe chetu kiko nje ya ukuta wa hospitali, upande wa barabara ya juu. Wenzangu hukiita Bungeni. Jina hilo silitumii, kwa sababu bungeni watu husubiri zamu. Ni benchi moja refu la mbao juu ya jukwaa la saruji lililoinuka kupita barabara, na pembeni yake jiko la Mama Buli, muuza kahawa. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepumzika tu, haijaisha. Mto ulikuwa umefurika, mji mzima hauna umeme, na lango kuu la hospitali lilikuwa ndani ya maji. Lakini nyuma ya ukuta jenereta ya hospitali ilinguruma. Tulikuwa wanne: Profesa, ambaye hakufundisha popote bali aliendesha teksi, Honi, dereva mstaafu wa malori, Sindano, fundi cherehani, na mimi, wanayeniita Karani kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya. Mjukuu wa kwanza wa Sindano alikuwa humo ndani, amezaliwa kabla ya miezi yake, amelazwa katika kisanduku cha joto kinachotumia umeme. Kila ngurumo ilipopungua kidogo, kikombe cha Sindano kilisimama hewani.

— Isikilizeni, — alisema Profesa. — Hata haikohoi. Mnajua kwa nini? Ile ina pua.

— Pua?

— Inanusa. Umeme ukitaka kukatika, yenyewe imeshaamka.

— Pua yake iko wapi, bwana?

— Lile bomba la moshi ulidhani la nini?

Mama Buli alicheka hadi akamwaga kahawa nje ya kikombe.

— Cheka, mama, lakini mimi nilikuwepo, — alisema Sindano. — Jana umeme ulipokatika nilikuwa nimekaa na binti yangu wodini. Giza! Nikashika ukuta. Sijamaliza kusema "Mungu wangu", taa hizo, zimewaka. Muuguzi hata hakugeuza kichwa, aliendelea kumfunika mtoto.

— Amezoea, — nilisema. — Kila Jumatatu mafundi wao hukata umeme kwa makusudi ili kuijaribu.

— Kumbe ndicho kile kishindo cha Jumatatu! — Profesa aligeuka. — Honi, si wewe uliyewapigia kelele juu ya ukuta, eti wanakuvutisha moshi?

— Nilipiga kelele, ndiyo. Leo nawaomba radhi wote, mmoja mmoja. Ila nawe acha kutupiga kamba za pua. Mimi nimelala juu ya injini maisha yangu yote. Ile sauti si ya hospitali. Ile ni injini ya meli.

— Meli tena!

— Meli nzima. Waliikata vipande, wakaileta huku.

— Na meli yenyewe iko wapi?

— Wodi ya wazazi hiyo! Hujaona milango yake ina vidirisha vya duara?

— Ile ni milango ya chumba cha upasuaji, wewe!

— Chumba cha nahodha hicho.

Sindano hakucheka.

— Nyie taniani. Mimi nataka kujua inakula nini. Tangu jana haijapumzika, na barabara ya chini imefungwa. Ikinyamaza, yule mtoto...

Mama Buli alimwongezea kahawa bila kuombwa.

— Ndugu yangu, tulia, — Profesa alimwambia kwa upole. — Ile hailishwi. Moshi wake inaumeza tena, inautafuna, inaendelea.

— Inacheua? Kama ng'ombe?

— Kama ng'ombe hasa.

— Basi niagizieni jiko la ukoo huo, — alisema Mama Buli. — Mkaa unaniua.

Hapo lori la mafuta likasimama mbele yetu, limepakwa tope hadi kwenye vioo. Dereva alishuka taratibu, kama mtu aliyesahau miguu yake.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Nimezunguka kwa barabara ya milimani. Siku zote naingilia langoni, leo langoni siingii. Wameniambia nimimine kwa nje, kuna mdomo wa tangi upande huu, umejengwa juu ili mafuriko yasiufikie. Uko wapi?

Profesa aligeuka kuutazama ukuta. Honi alinyoosha kidole ukutani, kisha akakirudisha mfukoni. Miaka yote tumekaa pale, na mdomo huo hatukuwahi kuuona.

— Ni mfuniko wa chuma, — dereva alisaidia. — Juu ya jukwaa la saruji.

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vikavu. Mtaa mzima, ni sisi tu tuliokuwa na viatu vikavu.

— Inukeni! — Sindano alikuwa ameshakamata ncha ya benchi. — Inuka, Profesa! Inuka, mzee wangu!

Tuliinuka, tukalishusha benchi barabarani, ndani ya maji. Mahali lilipokuwa, katikati ya mashapo ya kahawa na vipande vya sigara, palikuwa na mfuniko wa duara wenye rangi nyekundu. Honi alipiga magoti akaukwangua kwa kiganja chake.

— Aliyeujenga hapa aliyaona maji haya kabla yetu, — alisema, safari hii bila mzaha. — Mtu huyo ana akili, jamani. Ana akili.

Dereva aliufungua mfuniko, akaunganisha bomba la lori, mafuta yakaanza kushuka. Sindano aliinama akalishika pamoja naye, ingawa hakuombwa. Sisi tulishuka barabarani, vikombe mkononi, maji yakaingia viatuni, tukasikiliza. Ngurumo haikupungua.

— Baba, na benchi lenu je? — aliuliza Mama Buli.

— Libaki huko majini, — alisema Sindano bila kugeuka, mikono yake ikiwa bado juu ya bomba.