Bibi Afya Dagny na Uso wa Kununa Mlangoni mwa Harusi

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, Dagny Overgaard anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya kukagua migahawa hapa Svendborg. Wapishi wa mji huu wanashusha pumzi. Sisi wenzake tuna huzuni, ingawa hata friji yetu ya ofisini alikuwa akiipima joto kila Jumatatu bila kuombwa.

Alianza kazi kabla ya mambo haya ya kubandika milangoni karatasi za ukaguzi zenye picha ya uso. Siku hizi uso ukitabasamu, wateja wanaingia. Ukinuna, wanapita kama hawajui njaa. Dagny hakuwahi kupokea hata kikombe cha kahawa mahali anapokagua, na nyumbani hataji kamwe alikotoka. Usiri huo ndio uliomponza.

Mwaka juzi alimpa Asger Lindvig, mwenye mgahawa, uso wa kununa, kwa kuwa friji yake ilikuwa vuguvugu na samaki wa siki wamo ndani. Jioni hiyo hiyo Vibe, binti wa Dagny, akamwambia mama yake kuwa amekodi mgahawa wa Asger kwa harusi yake, wiki mbili zijazo, wageni sitini. Hakuwa amemuuliza mama kuhusu mahali pale, maana alijua hajibiwi.

"Mama, ungepungukiwa nini kungoja wiki mbili?" Vibe alilia.

"Na watakaokula kesho, si watoto wa watu?"

Siku tisa hawakusemeshana. Asger alinunua friji mpya, akasugua mpaka dari, lakini karatasi haibanduki mpaka ukaguzi mwingine. Ukaguzi huo ulikuwa zamu yangu, nami nikaogopa kuambiwa nampendelea mwenzangu, nikauacha usubiri kwenye foleni kama mingine. Vibe alizunguka kutafuta ukumbi mwingine, akakosa.

Siku ya harusi wageni walikwama mlangoni wakisoma karatasi ile, yenye sahihi ya mama wa bibi harusi. Wengine walianza kuulizana mkahawa wa jirani unafungwa saa ngapi. Dagny akapita katikati yao, akaketi, akajipakulia samaki wa siki, akala mbele ya wote, akaongeza. Vibe akaja na gauni lake lote, akabanana naye kwenye kiti kimoja, akaanza kula katika sahani ya mama yake.

Asante, Dagny, kwa kutulindia matumbo mji mzima. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya. Na sasa ukikaribishwa kahawa, kunywa tu.