Shule Iliyohamia Sokoni Kashikishi

Sogeza mkeka, Bwalya. Na wewe Jessy, acha kulia, niinue kichwa niwaone, maana pumzi imebaki kidogo na nataka mnachorithi mkisikie kwa kinywa changu mwenyewe, si kwa wajomba wakigombana matangani.

Mtumbwi na nyavu ni vya Bwalya. Nyumba hii ni ya Jessy, hata akiolewa. Lakini kiwanja cha kukaushia samaki, pale kando ya soko la Kashikishi, msikigawane wala msikiuze. Nimewapa shule wajenge bweni la wasichana. Usikunje uso, mwanangu. Nisikilize.

Mimi nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, baba yenu akanileta huku, ndiyo maana nimewalea kwa Kiswahili. Shule ilipofunguliwa, mwaka wa hamsini na moja, nilimshika Jessy mkono nikampeleka. Davison Kalaba, mkubwa wa kamati ya shule, akatuzuia mlangoni, watu wakisikia: "Mama, shule hii ni ya batoto ba hapa. Mutoto wa Kongo, tena musichana, atafanya nini humu?"

"Atasoma," nikamjibu, nikaketi kizingitini na mtoto mapajani.

Mwalimu Fanwell ndiye aliyetoka akamwingiza Jessy darasani, na baada yake wakaja wengine wengi, Walunda wa Mwansabombwe, Wabemba waliofuata biashara, watoto wa wavuvi wa Kabuta, na wale waliovushwa na mitumbwi kutoka kwetu, hata benchi moja likawa na lugha tatu nne na wote wakaelewana. Ila Kalaba hakunisalimu tena.

Kisha ikaja ile dhoruba iliyong'oa paa na kulaza kuta chini, na ofisa wa elimu akaleta neno kwamba watoto watawanyike, shule imekwisha. Imekwisha! Sisi wanawake wa soko tuliondoa chisense wetu, vile visamaki vilivyokuwa vikitulisha, tukawaanika nje, mvua ikiwaharibu basi, tukamwambia mwalimu alete ubao kwenye vibanda vyetu. Masika yote wakasoma humo, nguo zikinuka moshi na samaki.

Ofisa alipokuja kuhakikisha kuwa tumetii, akauliza, "Shule iko wapi?"

"Umesimama ndani yake, bwana," akasema Mwalimu Fanwell.

Akageuka kila upande, na kila kibanda kilijaa watoto, wala hawakuacha kusoma kwa ajili yake. Hapo nikamwona Kalaba anakuja akisukuma baiskeli iliyolemewa na mabati, ameyabandua kwenye ghala lake mwenyewe. "Bwana, paa ndiyo hii," akasema. "Kuta, batu batajenga." Kisha akanigeukia mimi. "Mama Jessy, nitayaweka wapi?" Nikamwonyesha, nikamsaidia kuyashusha. Ofisa akaondoka bila kufunga kitu.

Na kuta tulizijenga, wanaume wakifyatua matofali, sisi tukibeba maji vichwani, hata mwaka huu serikali imetupatia sekondari, hapa hapa, kwa watoto wanaonuka samaki! Jessy alipoingia darasa lile la kwanza na sare yake, nilipiga vigelegele barabarani mpaka sauti ikakauka, na Kalaba alikuwa kando yangu akipiga makofi kama mtoto.

Kwa hiyo ugomvi ule msiurithi. Akija matangani, mpeni kiti cha mbele. Wasichana wa Kabuta wanalala sokoni kwa kukosa pa kukaa. Bweni lianze kabla ya mvua, na Bwalya, wewe uchimbe msingi.

Maji... basi, yanatosha. Mungu awatunze, wanangu. Awape kupendana... awape watoto, nao wasome kuliko ninyi. Mnizike huku huku, nimekuwa mtu wa huku.

Jessy, kesho ni siku ya shule. Hata nikiondoka usiku huu... vaa sare, uende. Mazishi... yawe jioni, watoto wakishatoka darasani.