Raili Kontturi na Dubu Aliyepoteza Kiatu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Raili Kontturi wa mji wa Kajaani, mwalimu wa chekechea, aliyetutoka wiki iliyopita. Raili aliwafundisha watoto wadogo Kiingereza kwa kuwasomea vitabu. Vitabu vya picha tu, basi.

Yeye mwenyewe Kiingereza kilimpiga chenga. Mumewe, mzee Erkki, anacheka akikumbuka: "Jioni alijifungia jikoni na kamusi. Namwambia kahawa inapoa, ananijibu, 'Subiri, dubu hajapata kiatu chake!'"

Dubu huyo alikuwa wa kitabu kimoja. Raili alikisoma leo, kesho na keshokutwa. Hakutafsiri. Alionyesha picha, akanguruma, akavua kiatu chake mwenyewe na kukitupa chini ya kabati. Watoto walivunjika mbavu.

Isipokuwa Venla. Venla alikaa kimya majira yote ya baridi, kidole mdomoni. Mama yake, Tuulikki, akachoka. Siku moja akaja kumtoa shuleni, akasimama mlangoni bila hata kuvua koti.

"Mwalimu, unamchanganya mwanangu. Hata Kifini chenyewe anakibania!"

"Nipe mpaka theluji iyeyuke, mama Venla."

"Theluji ya Kajaani? Si atakuwa bibi huyo!"

Raili alicheka, lakini maneno yalimchoma. Je, kweli alikuwa anamwumiza mtoto? Akaomba amalizie kwanza kitabu cha dubu. Mafua yalikuwa yamembana. Katikati ya sentensi sauti ikakatika kabisa.

Venla akatoa kidole mdomoni. Akasogea, akafunua ukurasa, akaendelea pale pale mwalimu alipoishia. Kwa Kiingereza, wasikilizaji. Neno kwa neno, mpaka na mngurumo! Kisha akamwambia Raili kwa Kifini: "Wewe pumzika. Nakusomea mimi."

Tuulikki akavua koti, akaketi sakafuni na watoto.

"Nilikwenda kumtoa," anatuambia leo. "Badala yake nami nikawa narudi kila Ijumaa kusikiliza. Raili alinifundisha kuwa mtoto aliyenyamaza huenda anasikia kuliko wote."

Mzee Erkki, pole sana. Poleni nyote, familia ya Kontturi. Nawe msikilizaji, usingoje mpaka uijue vizuri hiyo lugha. Raili hakungoja. Mpakate mtoto, fungua ukurasa wa kwanza, nyote wawili mkosee pamoja.