Rosa Kiden, Mkunga Aliyetujua Sote (1941–1999)

Wazee wa Lurujo, majirani wa Pajulu, wageni mliovuka mpaka, mimi Taban, mdogo wake wa mwisho, familia imenipa kazi ya kusema maisha ya dada yetu, nami nitayasema yote, hata yale ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiyanong'ona kwenye pombe, kwa sababu kwetu neno la marehemu linamalizwa kaburini, halirudi nyumbani na watu.

Rosa Kiden alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapa Lurujo, Koboko, binti wa askari Jale na mama yetu Nora, msichana wa kwanza baada ya wavulana, ndiyo maana akaitwa Kiden, akasoma shule ya misheni kuanzia 1949 hadi darasa la sita, 1955, kisha akaacha ili amsaidie mama, aliyekuwa mkunga, na kufikia 1960 wanawake walikuwa wanamwita yeye moja kwa moja.

Dada hakuandika kitu, lakini alijua kila mtoto katoka tumbo gani na ukoo gani, na kwa kuwa sisi mtu haoi damu yake, hakuna posa iliyopita upande huu kabla wazee hawajaenda kumwuliza Kiden, akisema hapana ni hapana, vijana wakinuna na kumtukana yeye anacheka, anawaambia wasitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Tarehe 8 Septemba 1962 aliolewa na Sajini Sulaimani, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, akabaki Paska, aliyezaliwa tarehe 2 Desemba 1978, miezi sita tu kabla vita havijatufikia, na Sulaimani hakurudi tena kutoka vitani, kaburi lake hatulijui.

Juni 1979 tukakimbilia Zaire, mimi nikiwa mbele na wazee, dada akiwa nyuma na Paska mgongoni, pamoja na kaka yetu Yugu, aliyefiwa na mkewe, akiwa amembeba mwanawe wa mwaka mmoja, na Yugu akafa kwa homa njiani, dada akabaki na watoto wawili na maziwa ya mmoja, basi akamkabidhi yule wa kiume kwa mwanamke mnyonyeshaji wa ukoo mwingine aliyekuwa anaelekea Sudan. Alipotufikia alituambia mtoto yuko hai, nyumba anaijua, amani ikija atamfuata, na hakuna aliyeuliza jina la mwanamke, maana jina likiwa kwa Kiden lilikuwa salama kuliko sandukuni. Tulirudi 1986, tukakaa Pajulu, lakini vita vya Sudan vilikuwa vimefunga njia.

Agosti 1989 alivimba shingoni, ikaonekana ni saratani ya tezi, akapelekwa Kampala, na kuanzia Februari hadi Novemba 1990 akatiwa dawa kwenye mshipa na nyingine kwa sindano ya uti wa mgongo, nywele zikaisha, mwili ukaisha, lakini saratani ikaondoka na haikurudi tena, tukamshukuru Mungu, tukachinja. Jamani, hatukujua tunasherehekea nini. Aliyerudi alikuwa anaweka uji motoni na kuusahau akiwa amekaa pembeni yake, anaanza habari na kuiacha katikati, na Mei 1991, akiwa anamzalisha mama mmoja wa Manibe, alisimama na uzi wa kufungia kitovu mkononi akamwuliza yeye, Kiden, amekuja pale kufanya nini. Mama na mtoto walipona, dada akaacha ukunga siku hiyo hiyo, na tangu wakati huo kila asubuhi aliuliza kama mtoto wa Yugu amepatikana, alikumbuka kwamba yuko, hakukumbuka yuko kwa nani.

Sisi tulijua hali yake, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, nyinyi mnaosema alipewa mbuzi akaficha. Mwishoni mwa 1997 kijana Natale, aliyelelewa Yei huko Sudan na kupewa jina hilo hukohuko, alikuja kumposa Paska, nasi tukawapeleka wazee kwa dada kama kawaida, kwa sababu kumruka ingekuwa kumwaibisha, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Alimwuliza kijana jina la mama, akaambiwa ni marehemu Margarita, akashika kidevu mbele ya wazee wote, halafu akasema hakuna damu, waoane. Baadaye aliniambia kwa maneno yake mwenyewe, "Taban, ile jina ilinigonga, lakini mulango haikufunguka, na mimi nilisikia haya kusema sijui."

Walioana tarehe 10 Januari 1998, mtoto akazaliwa tarehe 20 Novemba, na siku ya kumtoa nje akaja mama mzee Natalina kutoka Yei, aliyesafiri pamoja na Margarita, yule mnyonyeshaji, mwaka 1979, akashangaa mbele ya watu wote imekuwaje mtoto wa Yugu amemwoa binti wa Kiden. Wazee waliivunja ndoa wiki ile ile, Paska akarudi kwa mama yake na mtoto mgongoni, na maji yaliyomwagika hayakuzoleka.

Dada alilia mpaka jioni, na kesho yake asubuhi akauliza kama mtoto wa Yugu amepatikana. Tulimwambia ukweli, akalia upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, siku ya tatu vivyo hivyo, ya nne vivyo hivyo, mpaka Paska akatukataza, na kuanzia hapo tulimjibu, "Bado, Mama," kwa miezi saba, naye anaitikia kwamba basi tuendelee kumtafuta. Homa ya mapafu ilimshika mwanzoni mwa Julai 1999, akafariki hospitalini Arua tarehe 14, saa nne asubuhi, akiwa ameshauliza.

Familia inawashukuru madaktari wa Kampala na Arua, waliofanya kazi yao, majirani wa Pajulu waliomrudisha nyumbani kila alipopotea, na wakunga wenzake waliokuja kumsuka nywele hata alipokuwa hawajui majina.

Dada Kiden, leo nakujibu bila kukuficha, mtoto wa Yugu amepatikana, ni huyu hapa Natale mwenye udongo mikononi, ndiye aliyekuchimbia kaburi tangu alfajiri. Lala kwa amani, usiamke kutuuliza.