Msiba Ulioambiwa Ungoje Alhamisi

Benchi lenyewe liko huku ughaibuni, Silver Spring, mbele ya duka la Zenebech, kati ya mashine za kufulia na ofisi ya kuwajazia watu fomu za kodi. Manispaa waliliweka kwa ajili ya wanaosubiri basi. Basi likahamishiwa mtaa wa pili, sisi tukabaki. Kila Jumapili, kanisa likitoka, watu waliokuwa na vyeo Addis na sasa wana zamu huketi hapo, wakanywa kahawa ya Zenebech na kutoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Mwenye sauti kuliko wote ni Gashe Mesfin, aitwaye Balozi kwa sababu zamani alimwendesha balozi. “Gashe” ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetutangulia kuzaliwa, hata kama hakututangulia kwa lingine lolote. Anayemfuatia ni Worku, aitwaye Wakili. Analinda maegesho chini ya jengo la mawakili, na sheria zake zote amezidaka kwenye madirisha ya magari, kati ya kioo kushushwa na kupandishwa.

Jumapili hiyo kesi ilikuwa ya Getnet, dereva wa teksi. Alhamisi yeye na mkewe Fikirte, ambaye ni raia, walikuwa wanaitwa kwenye mahojiano ya grini kadi, kile kibali cha kuishi nchini humu, afisa apime kama ndoa yao ni ya kweli au ya makaratasi. Ilikuwa ya kweli mpaka inachosha. Miaka mitatu wanagombania dirisha la chumbani, lifungwe au liachwe wazi.

Kila mtu pale alijua jambo moja ambalo Getnet hakulijua: mama yake alikuwa amefariki kwao Debre Tabor, na ameshazikwa.

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Wazee humwendea alfajiri, kundi zima, kabla hajanawa uso, wawepo wa kumdaka akianguka. Basi nduguye Getnet alimpigia Fikirte, Fikirte akamwambia Balozi, na Balozi akakata shauri: baada ya mahojiano, na barua ilipofika, baada ya Alhamisi. Akisikia leo, kesho yuko uwanja wa ndege. Na ukitoka nchini bila kibali ombi lako likiwa bado mezani, ombi limekufa. Hoja ilikuwa nzuri. Huo ndio ubaya wa hoja.

— Msiba wa wengi harusi, Balozi alifunga mjadala siku ile, na hakuna aliyemsahihisha.

Getnet alifungua faili lake juu ya mapaja: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, taarifa za benki, bima ya gari, bili za umeme, picha. Balozi alianza na picha.

— Mnacheka mno humu.

— Ilikuwa harusi, Gashe.

— Waliooana kwa karatasi ndio hucheka hivi. Mke na mume hasa, lazima mmoja awe amenuna. Tafuta moja mmenuniana.

Fikirte alisema kununiana walinuniana sana, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kushika kamera.

Wakili alisema kosa liko kwenye pete. Chanda chema huvikwa pete, kwa hiyo ikiwa ndogo afisa atasema chanda si chema. Zenebech, akizungusha kahawa ya pili, alisema alisikia kwa mtu wa uhakika kwamba wanaulizia miswaki, basi waende nayo, tena ikiwa bado imelowa. Wakili hakukubali kupitwa na muuza duka. Akatoboa siri kwamba chini ya kiti cha mahojiano kuna mtambo wa kupima mapigo ya moyo.

— Ukimtazama mkeo moyo ukienda mbio, umekwisha. Huyo si mkeo, huyo ni mchumba.

Tulicheka, hata Fikirte, kwa mdomo tu. Uso wake ulikuwa umepungua. Sisi tulikuwa tunaitunza siri hiyo Jumapili hadi Jumapili. Yeye alikuwa analala nayo ubavuni.

— Mama angekuwa ameshaniombea kwa kila mtakatifu, Getnet alisema. Simu yake haipatikani.

— Mtandao, alisema Balozi upesi.

— Wamekata tena, alisema Wakili.

Zenebech akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Wakati huo Bisrat alishuka ngazi. Ni muuguzi, amehamia juu ya duka karibuni, na bado hakuna aliyemwambia lolote. Yeye na mumewe walishapita mahojiano yao. Alisikiliza habari ya mtambo wa moyo hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema wao hawakuulizwa mswaki.

— Walituuliza habari za watu. Wazazi wa huyu, wazazi wa yule: wako hai, wanaishi wapi. Tena kila mmoja chumba chake, halafu wanalinganisha majibu.

Wakili alimtazama Balozi. Alhamisi Getnet angesema mama yu hai, na Fikirte, akiwa ameapa, angesema ameshazikwa.

— Njooni tujaribu, alisema Bisrat. Kaka Getnet, geuka kule. Dada Fikirte, jibu kweli, maana mbele ya afisa utaapa.

Getnet akageuka, akatazama nguo za watu zikizunguka kwenye mashine.

— Nani huamka kwanza?

— Yeye.

— Nani hupika?

— Mimi. Yeye huchemsha mayai, na lazima atangaze.

— Mama mkwe wako anaishi wapi?

Balozi alikohoa, akasema maswali ya wazee hayaulizwi barabarani, waulizwe rangi ya mapazia. Bisrat akasema hili ndilo rahisi kuliko yote.

— Mjibu basi, alisema Getnet, akiwa bado ametugeuzia mgongo. Debre Tabor. Si unapajua?

Fikirte alivuta shali, akajiziba mdomo. Hakutoa sauti, lakini benchi ni moja, na likitikisika linatutikisa sote.

Getnet akageuka. Alimtazama mkewe, akamtazama Balozi, akapita kwa kila mmoja wetu, na kila mmoja alikuwa anachunguza kikombe chake. Mwaka juzi yeye mwenyewe alikuwa kwenye kundi lililogonga mlango wa Wakili alfajiri. Alijua watu huinamisha shingo namna gani.

Alizikusanya picha, akazirudisha kwenye faili, akasimama.

— Lini?

— Keti kwanza, mwanangu, alisema Balozi.

— Nimeuliza lini.

Siku tulikuwa tunaijua. Lakini kumtajia siku ni kumwambia kwamba alipokuja hapa mbio na barua ya mahojiano, akatununulia kahawa benchi zima, sisi tulikuwa tumeshajua, na tukanywa.