Kale Iliyobaki Chini

Firmin Kashindi, tunayemzika leo hapa Mulongwe, alizaliwa papa hapa tarehe 12 Machi 1929, mtoto wa kwanza wa Mzee Étienne na Mama Sabine. Mimi Evariste, ninayesoma maneno haya, ni mdogo wake niliyemfuata.

Alisoma kwa mapadri hadi mwaka wa tano. Kifaransa alichotoka nacho kilikuwa cha sala tu.

Mwaka 1953 alipata kazi kwenye uwanja mdogo wa ndege, bondeni Ruzizi. Siku ya kwanza chefu, msimamizi wa kazi, akampigia kelele: « Les cales! » Alikuwa anaitisha vile vipande vya mbao vinavyozuia magurudumu ya ndege. Firmin akasikia « kale », akavua kofia: « Habari za kale, Bwana? Zile iko anajua baba yangu. » Ee, walicheka! Tangu hapo jina lake likawa Kale.

Tarehe 8 Julai 1956 alifunga ndoa na Émérance wa Kavimvira. Hata siku hiyo, gari la maharusi liliposimama kwenye mteremko, alishuka kutafuta jiwe la kuweka chini ya gurudumu. Bibi harusi alingoja, maua mkononi.

Mwaka 1958 aliniingiza kazini. Sheria yake ilikuwa moja: ndege ikiondoka, kale isibaki chini, maana mwenye mzigo haoni miguu yake.

Tarehe 14 Februari 1961, uhuru haujatimiza mwaka, alijikwaa kwenye kale, sanduku la dawa begani. Goti likavunjika. Chefu akauliza nani aliiacha pale. « Ni minye, » Firmin akajibu. « Nilisahau. » Watu wakashangaa: Kale asahau kale? Akipewa pole alisema kujikwaa si kuanguka. Lakini kazi ilikuwa imemtoka, naye aliipenda sana.

Uasi wa 1964 ulipofika tulikimbilia Rurambo. Kwenye milima nilimbeba mgongoni, nikaanza kumwambia jambo. Akanikatiza: « Najua. Weye ulikuwa na mutoto muchanga wa kulisha. Tembea, mudogo wangu. » Safari ile ililiharibu goti kabisa. Likaoza, na tarehe 3 Mei 1966 likamuua.

Ameacha mama yetu Sabine, mjane wake Émérance, watoto wao Bonaventure, Georgette na Anne, na mimi.

Mama Émérance, kale ile niliiacha mimi. Nilikimbilia muziki wa redio. Nisamehe.

Ndiyo hii mkononi mwangu. Nimeiokota, mukubwa wangu. Sasa pumzika.